Soketi ya Chini ya Usukani Iliwekwa kwa Ajili Yako, Si ya Gereji

Kuna kitu ndani ya gari lako ambacho huenda hujawahi kukiangalia. Inama kidogo upande wa dereva, chungulia chini ya deshibodi, pale magoti yanapokaribia kugusa. Utaona soketi ya plastiki yenye nafasi za pini 16, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Hapo ndipo fundi huchomeka mashine yake, anatazama skrini dakika mbili, anakuna kichwa, kisha anakuambia: "Mkubwa, hii ni sensa. Tafuta elfu kumi na mbili."

Unalipa. Taa ya injini inazimika. Wiki moja baadaye taa inarudi, na wewe pia unarudi.

Wengi wetu tunaichukulia mashine kama daktari mkuu. Ikisema sensa, basi ni sensa, nani atabishana na kompyuta? Lakini ukijua historia ya hiyo soketi, utaona mambo mawili. Kwanza, haikuwekwa ili fundi apate pesa haraka. Iliwekwa na sheria, baada ya watu kuumwa macho na mapafu miaka mingi. Pili, sheria hiyo ilitaka habari za gari zisifichwe. Sisi Wakenya tulipokea soketi pamoja na magari ya mtumba, ila ile haki iliyokuja nayo hatukuambiwa. Ndiyo maana naandika hii.

Yote yalianza na moshi

Turudi Los Angeles, Julai 1943. Vita vya Pili vya Dunia vinaendelea. Siku moja mji unafunikwa na ukungu mchafu. Watu wanatokwa na machozi barabarani, koo zinawasha, huoni mbali. Wengine wakadhani Wajapani wameshambulia kwa gesi ya sumu. Haikuwa adui yeyote. Ulikuwa mji wenyewe unajivuta moshi wake.

Kwa muda lawama zilienda kwa viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech, alionyesha kinachotokea. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza ladha ya mananasi, si mchezo. Alichogundua ni kwamba mvuke wa petroli na gesi za nitrojeni kutoka kwa ekzosi, zikipigwa na jua kali, zinageuka kuwa ule ukungu unaochoma macho. Kwa maneno mengine, mkosaji mkubwa alikuwa gari.

Kampuni za magari hazikufurahi, na ilichukua miaka mingi kuzilazimisha. Mwaka wa 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, inayojulikana kama CARB, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka wa 1970 Marekani nzima ikapata Sheria ya Hewa Safi, iliyotaka uchafu wa magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache tu.

Usisahau hapo tulipoanzia. Soketi yako ni mjukuu wa moshi.

Kompyuta inaingia kwa injini

Sheria ikishasema moshi upungue, wahandisi lazima watafute njia. Kuanzia magari ya mwaka wa 1975, Marekani ilianza kuweka kisafisha moshi kwenye ekzosi, kile mafundi wetu wanakiita katalitiki. Ndani yake kuna madini ya bei kama platinamu na paladiamu. Ndiyo maana siku hizi kuna watu wanazunguka wakivinunua, na wengine wakivichomoa kwa magari ya wenyewe usiku.

Katalitiki ya kisasa ina masharti lakini. Inafanya kazi vizuri tu kama injini inachoma hewa na petroli kwa kipimo maalum: karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kabureta haiwezi kushikilia kipimo hicho kila sekunde, mara unapanda mlima, mara uko kwa jam, mara injini ni baridi. Inahitajika sensa ya kunusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kompyuta ya kurekebisha petroli kila mara kufuatana na harufu hiyo.

Mwaka wa 1981 General Motors iliweka kompyuta ya injini kwenye magari yake mengi ya abiria kule Marekani. Na kompyuta, kwa sababu inasoma sensa zote muda wote, inajua pia sensa ikianza kuongea upuuzi. Ikiona hivyo inaandika namba kwenye kumbukumbu na kuwasha taa. Fundi angeunganisha kifaa chake na kusoma namba hizo.

Tukumbuke kwamba wazo la gereji kuchomeka gari kwa mashine lilikuwa na umri kidogo. Tayari mwaka wa 1971 Volkswagen ilikuwa imeweka soketi kwenye magari yake ili karakana zao zipime nyaya na mifumo ya umeme kwa mashine. Tofauti ni kwamba huko gari halikuwa na la kusema, lilikuwa linapimwa tu. Miaka kumi baadaye gari lilianza kujieleza lenyewe.

Waya mmoja na taa inayopepesa

Hapa Kenya, wakati huo, fundi alikuwa sikio na mkono. Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa, Datsun na Land Rover hazikuwa na kompyuta ya kuuliza. Fundi alisikiliza injini, akanusa moshi, akatoa plagi na kuangalia rangi yake: nyeusi kavu ni petroli nyingi, nyeusi yenye mafuta ni ringi au sili, kahawia nyepesi ni poa. Hiyo pia ilikuwa dayagnosi, na ya akili sana.

Kisha zikaja Toyota za miaka ya tisini. Ukifungua boneti utakuta kisanduku kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Mafundi wa Grogan na kwingineko walijifunza mbinu yake haraka: chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, washa switi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara mbili kisha mara moja ni 21, sensa ya oksijeni.

Huhitaji mashine ya maelfu ya pesa. Unahitaji waya wa shilingi kumi, macho, na mtu aliyekufundisha maana ya namba. Na mwenye gari anasimama hapo hapo akihesabu pamoja na fundi. Hakuna siri. Hilo la mwenye gari kuona kwa macho yake tutalihitaji baadaye.

Shida ilikuwa moja. Namba 21 ya Toyota si namba 21 ya Nissan. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, soketi yake, na mashine yake. Ukiwa na gereji ya kuhudumia kila aina ya gari, ungehitaji kabati nzima ya vifaa.

1996: lugha moja kwa wote

Tatizo hilo hilo lilikuwa Marekani, na liliiudhi CARB kwa sababu tofauti. Bodi ilijua kwamba gari linaweza kuwa safi likitoka kiwandani, halafu baada ya miaka mitano linafuka moshi na mwenyewe hana habari. Kwa hiyo ikaamuru gari lijichunge lenyewe. Sheria ya kwanza, OBD-I, ilianza na magari ya mwaka wa 1988 huko California. Ilitaka gari liwe na taa na lijue hitilafu fulani, ila haikulazimisha kampuni zote zitumie soketi moja wala namba moja.

Ya pili ndiyo iliyobadilisha dunia. OBD-II ilipitishwa California mwaka wa 1989, ikaanza kuingia kwa magari mwaka wa 1994, na kufikia 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa nayo. Soketi iwe ya pini 16, umbo moja. Iwe mahali ambapo mtu aliyeketi kiti cha dereva anaweza kuifikia. Pini ya 16 ilete umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ziwe ardhi. Na hitilafu za moshi ziandikwe kwa namba ambazo kila mtu anazielewa.

Ndiyo maana leo P0300 ni P0300 kila mahali. Herufi P ni injini na gia. C ni chasi kama breki na usukani, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, hiyo ni namba ya wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya kampuni yenyewe. Ya pili inaonyesha mfumo, kwa mfano 3 ni mambo ya kuwasha cheche. Kwa hiyo P0301 inasema silinda ya kwanza inaruka moto. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka wa 2001 na ya dizeli mwaka wa 2004.

Hebu fikiria maana yake. Serikali iliziambia kampuni kubwa kabisa duniani: hamruhusiwi kuficha ugonjwa wa gari nyuma ya soketi yenu ya siri. Fundi wa kichochoroni lazima aweze kuusoma. Na mwenye gari pia.

Hawakukubali kimya kimya. Kampuni ziliendelea kubana habari zisizohusu moshi: breki za umeme, mikoba ya hewa, funguo. Mwaka wa 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha kwa zaidi ya asilimia 80 sheria ya haki ya kutengeneza, inayotaka gereji huru zipate habari sawa na gereji za kampuni. Mwaka wa 2020 wakapiga kura tena, kwa sababu magari yalikuwa yameanza kutuma habari zake hewani bila kupitia soketi, na kampuni zikapinga sheria hiyo mahakamani. Mvutano huu ni wa sasa hivi, si wa mababu.

Ilivyofika kwetu

Sisi hatukuandika sheria hiyo. Tulipata soketi kama tunavyopata radio yenye maandishi ya Kijapani: ilikuja na gari. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na Japani ilikuwa na kanuni zake, zinazoitwa JOBD. Hapo ndipo wengi hukwama. Unaweza kuwa na Vitz au Fielder ya zamani kidogo yenye soketi ile ile ya pini 16, unachomeka kifaa ulichonunua mtandaoni, na kinakuambia hakuna mawasiliano. Soketi ni moja, lugha ni nyingine. Si lazima gari liwe limeharibika.

Na vile vifaa vidogo vya bluu vya buluututhi? Vingi vinadai kuwa ELM327. Hiyo ni chipu iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo la kwanza halikuwa limefungwa dhidi ya kunakiliwa, basi likanakiliwa dunia nzima. Vifaa vingi vya bei rahisi vimeandikwa v1.5. Elm haikuwahi kutoa toleo la 1.5. Kifaa kinaweza kufanya kazi fulani vizuri tu, lakini ujue unashika nakala.

Kwa upande wa magereji, kampuni za Shenzhen nchini China kama Launch na Autel zilishusha bei ya mashine kubwa hadi fundi wa jua kali akaweza kuchanga na wenzake wakanunua moja. Hilo ni jambo zuri, na silibezi. Kijana ambaye hakuwahi kukanyaga gereji ya kampuni leo anasoma kompyuta ya Mercedes akiwa chini ya mabati.

Lakini ona kilichobadilika. Ile taa ya kupepesa ilikuwa mbele ya macho ya wote. Skrini iko mkononi mwa mmoja, na ameigeuzia kwake.

Namba si hukumu

Sasa tufike pale pesa zinapopotea. Chukua P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa upande wa kwanza wa injini. Basi. Haijasema sensa ya oksijeni imekufa. Kwa kweli, mara nyingi sensa ya oksijeni ndiyo shahidi mwaminifu hapo: imenusa hewa nyingi na imeripoti. Kumbadilisha shahidi hakufuti kosa.

Chanzo kinaweza kuwa mpira wa vakyumu uliopasuka nyuma ya injini. Inaweza kuwa sensa ya kupima hewa imejaa vumbi, na barabara zetu tunazijua. Inaweza kuwa pampu ya petroli imechoka, au ekzosi inavuja kabla ya sensa. Moja ya hayo linatengenezwa kwa mpira wa shilingi mia mbili. Jingine ni maelfu. Namba ni ile ile.

Au P0420, inayosema katalitiki haisafishi ilivyotakiwa. Katalitiki inaweza kuwa imechoka kweli. Inaweza pia kuwa ekzosi imetoboka, au sensa ya nyuma inadanganya. Au injini imekuwa ikiruka moto miezi sita na ndiyo iliyoichoma. Ukiweka mpya bila kutibu injini, utaiunguza nayo.

Binamu yangu alizungushwa hivyo na gereji moja mjini. Namba ilikuwa ya silinda kuruka moto. Wakabadilisha koili zote nne. Taa ikarudi. Wakabadilisha plagi. Ikarudi. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa mtaani, hakuanza na mashine kubwa. Alihamisha koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, akaona kama namba itahama nayo. Haikuhama. Akapima mgandamizo wa silinda. Vali ilikuwa haifungi sawasawa. Tayari koili nne mpya zilikuwa zimelipiwa, na hakuna aliyerudisha hata senti.

Yule mzee alitumia mashine, lakini aliitumia kama mtu anayeuliza njia. Mwenyeji akikuambia "ni huko mbele", bado lazima utembee na uangalie vibao. Wale wengine waliitumia kama orodha ya bidhaa.

Kuna watu wanaosema mashine imeua ufundi. Mimi naona kinyume. Mashine imefanya ufundi uonekane. Yeyote anaweza kusoma namba. Anayeweza kueleza kwa nini namba imetokea, na akathibitisha kabla hajakuuzia spea, huyo ndiye fundi.

Hata mashine hudanganywa

Jambo lingine ambalo historia inatufundisha ni kutoipigia kompyuta magoti. Septemba 2015 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya ujanja kwenye magari yake ya dizeli. Gari likijua linapimwa kwenye kituo, linatoa moshi safi. Likirudi barabarani, gesi za nitrojeni zinaweza kufika hadi mara 40 ya kiwango. Duniani yalikuwa kama magari milioni 11.

Taa ya injini haikuwaka, kwa sababu kwa kompyuta hakukuwa na kosa: ilikuwa ikifanya ilivyoagizwa. Waliofichua ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa nyuma ya gari na kuliendesha barabarani kama mtu wa kawaida. Mtu alilazimika kutoka na kupima mwenyewe.

Kwetu ujanja ni mdogo zaidi lakini unauma vile vile. Muuzaji wa gari anafuta namba zote asubuhi kabla hujafika. Deshibodi inang'aa, hakuna taa, unatoa deposti. Siku nne baadaye, taa. Wengine hata hawahangaiki kufuta: wanang'oa balbu ya taa yenyewe.

Habari njema ni kwamba wahandisi walifikiria hili. Kwa magari yanayofuata OBD-II kikamilifu, kompyuta huendesha majaribio yake ya ndani: ya katalitiki, ya sensa za oksijeni, ya mvuke wa tangi na mengine. Ukifuta namba, matokeo ya majaribio hayo yanafutwa pia, na kila moja linaandikwa kuwa halijakamilika. Yanahitaji safari kadhaa, za baridi na za moto, za mjini na za barabara kuu, ili yakamilike tena. Kwa hiyo gari lenye namba sifuri na majaribio mengi hayajakamilika limefutwa juzi juzi, au betri yake imechomolewa. Kwa magari ya soko la Marekani, kuanzia matoleo ya mwaka wa 2010 hivi, kuna hata namba za kudumu ambazo fundi hawezi kuzifuta kwa mkono. Zinaondoka tu gari lenyewe likithibitisha limepona.

Mtu akifuta ushahidi, kufuta kwenyewe kunabaki kuwa ushahidi.

Japani wameanza, sisi je?

Kuna jambo limetokea Japani ambalo sijaona likizungumzwa sana hapa, na linatuhusu moja kwa moja. Ukaguzi wao wa lazima, unaoitwa shaken, kwa miaka ulikuwa wa breki, taa, moshi na vitu vinavyoonekana. Kuanzia Oktoba 2024 walianza kuchomeka mashine kwenye soketi kama sehemu ya ukaguzi, kwa magari ya Kijapani ya aina mpya zilizotoka kuanzia Oktoba 2021. Wanatafuta hitilafu za moshi, za breki za umeme, na za mifumo ya kumsaidia dereva. Hitilafu hizo gari halionyeshi kwa nje, hata ukilizunguka na tochi.

Sasa piga hesabu. Kanuni yetu ya KEBS, KS 1515, hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8. Mwaka wa 2025 hiyo ilimaanisha magari ya 2018 kuja juu. Maana yake magari ya kizazi hicho cha 2021, yenye kamera na rada za kushika breki yenyewe, ndiyo yanayoingia Kenya sasa na miaka inayokuja. Kule yalikotoka, kompyuta zake ni sehemu ya ukaguzi wa usalama. Hapa, mnunuzi wa kawaida bado anapiga tairi teke na kusikiliza mlango ukifungwa.

Magari yetu ya biashara kama matatu hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na ni vyema. Lakini matatu ya miaka ijayo haitakuwa ile ya breki za kawaida peke yake. Kama sheria ya ukaguzi itabaki ya spana na tochi huku gari limekuwa kompyuta yenye magurudumu, tutakuwa tunakagua nusu ya gari. Maoni yangu: kusoma soketi kuwe sehemu ya ukaguzi, na karatasi ya matokeo apewe mwenye gari, kila namba ikiwa imeandikwa. Si ya kumkamata. Ni ya kumjulisha. Na isiwe njia nyingine ya kuomba kitu kidogo. Karatasi iliyochapishwa na mashine ni ngumu kuijadili dirishani.

Cha kudai kuanzia leo

Hatuhitaji kusubiri Bunge kwa mambo haya:

1. Kabla gari halijaguswa, omba kuona skrini na upige picha ya namba zote. Namba, si maelezo. "Ni sensa" si namba.

2. Uliza fundi amethibitishaje. Akisema "mashine imesema", mwambie kwa heshima kwamba mashine imesema panapouma, haijasema kinachouma.

3. Omba aangalie ile picha ya tukio ambayo kompyuta huhifadhi hitilafu inapotokea: mwendo, joto la injini, mzunguko wa injini. Inasaidia kujua kama tatizo hutokea baridi au moto.

4. Baada ya kazi, gari lipimwe tena. Kuzimika kwa taa si kupona, kwa sababu kufuta pia huzima taa.

5. Ukinunua gari, washa switi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, jiulize balbu iko wapi. Halafu angalia majaribio ya ndani yamekamilika au la.

6. Mlipe fundi kwa kupima. Ndiyo, nimesema. Tukikataa kulipia akili yake ya saa moja, tunamlazimisha apate faida yake kwa spea. Fundi anayelipwa kutafuta hana haraka ya kukuuzia koili nne.

Hilo la mwisho najua litaleta kelele. Lakini tuwe wakweli: tumezoea kulipia kitu kinachoshikika. Tunalipa elfu kumi na mbili ya sensa bila swali, halafu tunagombana kwa elfu mbili ya mtu aliyetuambia sensa ni nzima.

Watu walitokwa na machozi Los Angeles, mwanakemia akaacha mananasi yake, wabunge wakapigana na kampuni, na mwishowe gari likalazimishwa kusema ukweli kwa yeyote atakayechomeka. Hiyo soketi iko upande wa dereva, haiko nyuma ya kaunta ya gereji. Waliiweka hapo makusudi. Ukienda gereji wiki hii, uliza namba, iandike, na uende nayo nyumbani. Na kama wewe ni fundi na huwa unageuza skrini mteja aone, tuambie gereji yako iko wapi. Tutakuja.